Karatasi ya Hatari na Tangi la Maziwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani habari hii inasimuliwa na mpole. Kwa miaka ishirini na kitu nilikuwa mhasibu katika kampuni ya kununua kahawa mjini Moshi, na kazi hiyo ilinifundisha jambo moja ambalo hakuna anayeliamini mpaka limkute: bei haina adabu. Unalala iko juu, unaamka iko chini, na hakuna hata mtu wa kumgombeza. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa, nikapewa kiinua mgongo changu na cheti cha shukrani, nikarudi nyumbani kwangu mtaa wa Soweto, hapo hapo mjini, kukaa barazani na kubishana na redio.

Ndipo akaja mdogo wangu. Nikisema mdogo wangu namaanisha mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye kwetu hatofautishwi na ndugu wa tumbo moja, ila yeye alizaliwa mimi nimeshaanza kunyoa ndevu. Alikuwa amekaa Dar miaka kadhaa akifanya kazi za kompyuta, na sasa amerudi na kampuni. Si duka, si kibanda cha kutuma pesa. Kampuni kamili, yenye cheti na muhuri. Akaniambia inachimba sarafu za mtandaoni, hizi wanazoziita bitkoini, na kwamba anatafuta mhasibu mwenye mvi. "Bro, mimi mashine nazijua," akasema. "Hela ndizo zinanishinda." Nilimpenda kwa ukweli ule, nikakubali kabla hajamaliza chai.

Mama yangu, anayeishi Mwika, huko mlimani, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, alichoachiwa na marehemu baba, aliposikia kwamba wanawe wawili wamekuwa wachimbaji, alishtuka kwenye simu. Kwetu kila ukoo una mtu aliyekwenda Mererani kutafuta tanzanite akarudi na kifua kibovu na hadithi nyingi. Akauliza shimo liko wapi. Nikamwambia hakuna shimo. Akauliza basi udongo mnautoa wapi. Nikamwambia hakuna udongo, mama, ni mashine zinapiga hesabu usiku na mchana, zikipatia zinalipwa. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Na wewe umepiga hesabu miaka yote hiyo, mbona hukulipwa hivyo?" 

Shimo halikuwepo, lakini nyumba ya mashine ilikuwepo, tena bondeni chini ya kihamba hicho hicho cha mama, kwenye kijito kinachoshuka kwa kasi. Mdogo wangu, akisaidiwa na mafundi wa kuchomelea kutoka Himo, alifunga mtambo mdogo unaozungushwa na maji, na maji yakishauzungusha yanarudi kijitoni. Umeme ule ndio uliokuwa roho ya kampuni, kwa sababu mashine zile zinakula umeme vibaya mno, na anayeununua kwa bei ya mjini anachimba hasara. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma na mabati, ina feni kubwa ukutani, na kelele yake ilisikika mpaka barabarani. Upande wa nyuma ulitoka upepo wa moto saa zote.

Watu wa Mwika si watu wa kuacha joto lipotee, hasa mwezi wa saba ukungu unapokaa wiki nzima. Mwezi wetu wa kwanza wa kazi tu nikakuta majoho ya kwaya yameanikwa nyuma ya nyumba ya mashine. Mwezi uliofuata mama akaleta mikungu ya ndizi za kutengenezea mbege, pombe yetu, akaipanga pale ukutani, ikaiva kwa nusu ya siku za kawaida. Mdogo wangu alilalamika kwamba hii ni kampuni, siyo dari la kuivishia ndizi. Mama akamjibu kwamba joto limeshatumika, limetupwa nje, na kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Jioni ile ile alimpelekea sahani ya kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, akala na malalamiko yakaisha.

Sasa nifike kwenye fedha za akina mama. Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wafugaji. Wako ishirini na wachache, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja au wawili wa zizini. Gari la kukusanya maziwa hupanda mara moja kwa siku, asubuhi. Maziwa ya asubuhi yanauzwa. Ya jioni hayana mnunuzi, yanagandishwa, yanapewa ndama, yanagawiwa majirani, mengine yanamwagwa. Kwa miaka minne wanawake wale walichangishana ili wanunue tangi la kupozea maziwa, na mwaka ule walikuwa wamekaribia kabisa. Tangi lilikuwa limeagizwa, lingeletwa Novemba, na fedha zilikuwa zimelala benki tangu Januari zikisubiri.

Mdogo wangu aliposikia fedha zimelala, macho yalimng'aa. Akasema kampuni inahitaji mashine zaidi. Akina mama watukopeshe fedha hizo, tununue mashine, na kabla ya Novemba tutazirudisha zote na cha juu. Mama alisema fedha si zake, twende tukaseme na wenyewe. Lakini mimi alinivuta pembeni, karibu na zizi, akanishika mkono wa shati.

"Wale watanikubalia kwa sababu ninyi ni wanangu," akasema. "Fedha hii ikipotea, sitakaa tena kwenye lile benchi kanisani. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Benchi lile la tatu kutoka mbele amelikalia tangu nikiwa mgongoni kwake.

Ndiyo maana nikaandika karatasi ya hatari. Katika kazi yangu ya kahawa tulikuwa na desturi hiyo: kabla ya kugusa fedha ya mtu, unamwandikia kila kitu kinachoweza kuila. Niliandika kurasa mbili, kwa Kiswahili cha kueleweka, nikaenda kuisoma Jumapili baada ya ibada, kwenye kibanda chao cha kupokelea maziwa. Walikaa kwenye viti vya plastiki na madumu yaliyopinduliwa. Nikaamkia, shikamoo zikaitikiwa, nikasafisha koo.

Nikawaambia bei ya sarafu hizi haipangwi hapa wala Dar, inapangwa na watu wasiotujua, na inaweza kuanguka nusu kabla hujamaliza kufua. Nikawaambia mashine kama zetu ziko dunia nzima na zote zinakula kwenye chungu kimoja. Chungu hakiongezeki, kwa hiyo kila anayeingia anapunguza kijiko chetu. Na bei ikipanda ndiyo wanaingia wengi, kwa hiyo hata neema ina mwiba. Nikawaambia kila baada ya miaka kama minne chungu chenyewe kinakatwa nusu, ndivyo kilivyoumbwa. Nikawaambia mashine tunanunua kwa dola, tangi mnalipa kwa shilingi, na hao wawili hawapatani. Nikawaambia kijito hupungua kiangazi, na serikali inaweza kuamka siku moja na kutoa masharti mapya. Mwisho nikawasomea dawa niliyoiweka: kila tarehe moja ya mwezi tutauza sarafu, hata bei ikoje, na kutenga fungu la tangi, ili Oktoba ikiisha fungu liwe limejaa. Kwenye kahawa tuliwahi kuona matajiri wakifilisika kwa kukaa na mzigo wakisubiri bei. Sisi hatutasubiri.

Kila nilipozidi kuwatisha, wao walizidi kutikisa vichwa na kutabasamu. Nilidhani hawanisikii, nikapaza sauti. Wakatabasamu zaidi. Nilipomaliza wakapiga makofi, na mmoja akamwambia mama kwa Kichagga kwamba amenilea vizuri.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipoelewa nilitaka kujipiga kofi. Kwetu mtu aliyelelewa hasifii chakula chake. Anakukaribisha mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akisema ni maji matupu, hakupata hata nyama, na wewe ukichota unakuta nyama imejaa mpaka juu. Anakupa mkungu wa ndizi akisema ni vidole tu, samahani. Kadiri anavyoidharau zawadi yake ndivyo unavyojua ni nono. Sasa mtu mzima, msomi, mtoto wa mweka hazina, amesimama dakika arobaini akiidharau kampuni yake kwa ufundi ule. Wakajua hapa pana nyama.

Mwenyekiti wao peke yake hakupiga makofi. Ni bibi mwenye miaka zaidi ya themanini, mkavu, macho makali, ambaye hata mchungaji humwamkia kwa kuinama. Akasubiri makelele yaishe.

"Wewe umeonja?" akaniuliza.

Hata sisi Walutheri ambao mbege tunaiangalia kwa mbali siku za Jumapili, swali lile tunalijua. Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo ampe mtu kata. Asiyeonja ana lake jambo. Na mimi sikuwa nimeonja. Nilikuwa nalipwa mshahara na kampuni, lakini shilingi yangu mwenyewe haikuwamo hata moja. Kiinua mgongo changu kilikuwa salama benki, nakitunza ninunue pikapu.

Uso ulinichoma. Mtu mwingine angesema atafikiria. Mimi hasira ikapanda, nikasema mbele ya wote kwamba Jumatatu naweka nusu ya kiinua mgongo changu kwenye mashine, na mwenye shaka aje aone risiti. Bibi akaitikia kwa kichwa, akasema aika, yaani asante, na wanawake wakapitisha azimio. Mke wangu aliposikia hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu alinisemesha mno.

Aprili tuliuza kama nilivyoandika, tukatenga fungu. Halafu bei ikaanza kupanda.

Sijui niieleze vipi hali iliyonipata. Miaka ishirini nilikuwa naangalia bei za kahawa za watu wengine na moyo wangu ukiwa baridi. Sasa bei ilikuwa yangu. Nilishusha programu kwenye simu inayoonyesha bei kila dakika, nikawa naiangalia kabla ya kunawa uso, naiangalia kwenye foleni ya benki, naiangalia katikati ya wimbo wa sadaka. Mke wangu akaniuliza kama nimepata mchumba humo ndani. Nikamwambia anyamaze, pikapu inaota matairi. Na kweli nilipiga hesabu: zile sarafu tulizouza Aprili, tungezishikilia mpaka mwisho wa mwezi ule, tungepata zaidi kwa sehemu nzuri tu. Iliniuma kama nimeibiwa.

Ilipofika tarehe moja Mei, siku ya kuuza, mdogo wangu alishuka Soweto na kompyuta yake mgongoni, akaifungua mezani, akasema haya kaka, tuuze fungu la tangi. Mimi nikasema tushikilie kidogo.

Akanitazama. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kwenye karatasi mimi mwenyewe niliandika tusisubiri. Nikamfokea. Nikamuuliza nani mhasibu hapa, nani ameona masoko tangu yeye akinyonya. Maskini kijana wa watu akafunga kompyuta. Naandika haya ili ijulikane: aliyekuwa tayari kuuza alikuwa yeye, asiye na mvi. Aliyeshikilia ni mimi niliyeandika hatari zote kwa mkono wangu.

Juni tukashikilia. Julai tukashikilia, na nilikuwa mtu wa furaha mno, nanunulia watu soda. Nilipokwenda Mwika wanawake waliniuliza tangi letu linaendeleaje, nikawaambia linanenepa. Mama alinitazama kidogo akaendelea kupukuchua maharage.

Agosti bei ikashuka. Nikasema inapumzika. Ikashuka tena. Wakati huo huo kijiko chetu kilikuwa kimepungua, maana bei ilipokuwa juu watu wa dunia nzima walikuwa wamewasha mashine mpya, kama nilivyowasomea akina mama. Kijito nacho kikapungua, kama nilivyowasomea. Kamati ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ikadai maji ya mchana yaende kwenye mboga za watu, na ilikuwa haki yao, kwa hiyo mashine zikawa zinafanya kazi nusu siku. Hatari zangu zote zilikuja kwa foleni, moja baada ya nyingine. Kitu kimoja tu hakikufuata karatasi, nacho ni mwandishi wake.

Ungedhani nitauza. Wapi! Kuuza sasa kungekuwa kukubali kwamba nilikosea Mei, na mimi kukosea nakubali kwa shida sana. Nikasema itarudi. Nimewahi kumcheka mzee mmoja wa Mwika aliyeweka kahawa yake darini misimu miwili akisubiri bei, mpaka panya wakaanza kuifaidi. Nilimcheka mbele ya wenzangu ofisini, nikaigiza hata mwendo wake. Kumbe ugonjwa ni ule ule, tofauti yangu ni kwamba sarafu hazina panya.

Mwishoni mwa Oktoba nilikaa na kalamu. Nikiuza kila sarafu ya fungu la tangi kwa bei ya siku ile, nikaongeza na kile kidogo cha Aprili, fedha ya tangi inapungua theluthi nzima. Nilirudia hesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea kujumlisha.  Niliogopa kama mtoto aliyevunja chungu, na nilimwona mama yangu amekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilipanda Mwika kesho yake asubuhi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe mgomba, vipande vyembamba, panga linakwenda bila yeye kuliangalia. Nikamwamkia. Sikuzunguka, nikamwambia yote palepale nimesimama: kwamba sikuuza, kwamba bei imeanguka, kwamba theluthi haipo. Panga likasimama.

"Ulishikilia kwa ajili yetu au kwa ajili yako?"

Nilikuwa na majibu mengine mazuri, nilikuwa nimeyapanga njiani. 

"Kwa ajili yangu, mama. Nilitaka pikapu."

Akaendelea kukata mgomba. Aliukata mpaka ukaisha, akambebea ng'ombe, akarudi akanawa mikono. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba Jumapili nitawaambia mwenyewe, yeye hatanisemea, na kwamba nisije na karatasi.

Jumapili nilisimama kwenye kile kibanda mikono mitupu. Niliwaambia kwamba mdogo wangu alitaka kuuza na mimi nikamkataza. Niliwaambia upungufu. Nilisema mama yangu hakujua mpaka wiki hii, na hilo nililirudia mara mbili.  Mmoja alifunga na kufungua kitambaa cha kichwa. Nilisikia feni za mashine kule bondeni, zinavuma kama kawaida.

Bibi mwenyekiti akauliza zile sarafu zilizotokana na kiinua mgongo changu ziko wapi. Nikasema zipo. Akauliza zikiuzwa kesho zinapata ngapi. Nikamwambia. Zilikuwa karibu kuziba pengo, si lote. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema atauza mashine mbili kwa jamaa wa Arusha, zizibe kilichobaki. Kila mtu akanigeukia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nikasikia sauti yangu inasema, "Lakini tukisubiri kidogo, bei ya sasa ni mbaya mno kwa…" Hapo nikajisikia mwenyewe. Nikamwona mama, ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake vya kanisani. Nikakata maneno, nikasema tutauza kesho asubuhi.

Jumatatu mdogo wangu alibonyeza kitufe kimoja mezani kwangu Soweto na pikapu yangu ikaenda. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mifereji ya bati. Mke wangu akaniletea chai huko huko nje. Siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Tangi lilifika wiki ile ile, na mvua za vuli nazo. Lori likakwama mita mia mbili kabla ya kibanda, magurudumu yanazunguka kwenye tope jekundu. Wanaume wote waliokuwa karibu tukaitwa, tukalishusha kwa kamba na magogo ya migomba, tukalisukuma huku wanawake wanatuelekeza kwa sauti za juu, kila mmoja akiwa na njia yake. Niliteleza nikakaa kwenye tope mara mbili na suruali yangu nzuri, na kicheko walichonicheka akina mama kilinifariji kuliko maneno yoyote, maana mtu aliyekukasirikia kweli hakucheki hivyo. Jioni likawashwa. Wakaja na madumu yao, wakapima, wakamimina. Mama yangu ndiye aliyeandika, na alipofunga kitabu alikaa pembeni ya tangi na kulipapasa ubavuni, kwa kiganja, kama anavyompapasa ng'ombe aliyezaa salama. Maziwa ya jioni yalilala pale mpaka asubuhi yakauzwa. Jumapili iliyofuata nilikwenda ibadani Mwika kwa makusudi, nikahesabu mabenchi kutoka mbele. Alikuwa palepale, la tatu.

Kampuni ipo bado, ndogo kidogo kuliko ilivyokuwa. Tarehe moja ya kila mwezi mdogo wangu anauza, hata bei ikoje, na haniulizi. Mimi naandika vitabu tu. Ile programu ya bei mke wangu aliifuta kwenye simu yangu, na amekataa kunionyesha aliifutaje.

Disemba watu wote wakarudi nyumbani, kama ilivyo ada yetu. Barabara ya kupanda Mwika ikajaa magari yenye namba za mbali, mbuzi wakachinjwa, watoto wakapelekwa kuonyeshwa migomba na mababu. Siku ya Krismasi tulikuwa uani kwa mama, watu kama thelathini, mama mwenyewe kwenye kigoda anamenya ndizi. Shemeji yangu mmoja, mume wa dada yangu, anayefanya kazi Dar na asiyekosa la kusema, akatoa simu. Akatangaza kwamba bei ya sarafu ilipanda tena wiki tatu baada ya sisi kuuza, na sasa iko juu kuliko Julai. Akapiga hesabu kwa sauti, mbele ya watoto: shemeji angekuwa na pikapu yake, na chenji ya kununulia matairi ya akiba.

"Wiki tatu tu, shemeji," akasema. "Wiki tatu ndizo zilikushinda?"

Watu wakacheka. Damu ilinipanda, maana alikuwa anasema kweli, na kweli ya namna ile inauma kuliko uongo. Nilikuwa nimeshaweka sahani chini nisimame nimweleze mambo ya hatari na masoko, kwa sauti kubwa. Mama hakuinua macho kwenye ndizi zake.

"Wiki tatu hizo ng'ombe wangu alikamuliwa mara arobaini na mbili," akasema. "Ningemwambia nini, ashikilie?"

Shemeji akarudisha simu mfukoni. Mimi nikapiga hesabu kimoyomoyo, siku ishirini na moja, asubuhi na jioni. Ilikuwa sahihi.